Somo la 6: Ufahamu na Ufupisho – Ziara ya Siku Moja Kutazama Taa za Lyon



Maswali ya ufahamu na ufupisho yana sifa moja ambayo maswali mengine ya mtihani wa Kiswahili hayana: majibu yake umepewa. Yamo kwenye karatasi iliyo mbele yako. Hata hivyo, wapo watahiniwa wengi wanaopoteza alama hapahapa, na si kwa sababu hawajui Kiswahili. Wanazipoteza kwa sababu wanakutana na neno wanalolifahamu, wanadhani wamekwisha kuijua habari yote, kisha wanajibu kwa yale waliyonayo kichwani badala ya yale yaliyoandikwa.

Katika somo hili utasoma kifungu kuhusu jiji la mbali linalowasha taa nyingi mwezi wa Desemba. Tumekichagua makusudi, kwa kuwa ndani yake kuna mtego wa aina hiyo. Hatutakuambia mapema uko wapi. Soma, andika majibu yako kwenye daftari, kisha linganisha na majibu yetu. Usifunue majibu kabla hujaandika ya kwako. Ukifanya hivyo utakuwa umejidanganya mwenyewe.

MAMBO YA KUZINGATIA

1. Pitia maswali kwa haraka kabla ya kusoma kifungu, ili ujue unatafuta nini.

2. Soma kifungu mara ya kwanza bila kuandika chochote. Lengo ni kupata wazo kuu.

3. Soma mara ya pili ukiwa na penseli. Pigia mstari tarehe, majina, maneno yanayoonyesha sababu (kwa kuwa, kwa sababu, kwa hiyo, ndiyo maana) na maneno yanayogeuza mwelekeo wa habari (lakini, hata hivyo, ndipo). Maswali mengi hutungwa kuzunguka maneno haya.

4. Jibu kwa sentensi kamili na kwa maneno yako mwenyewe, lakini kwa hoja za mwandishi.

KIFUNGU CHA HABARI

Soma kifungu kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Lyon ni miongoni mwa majiji makubwa ya Ufaransa. Limejengwa mahali ambapo mito miwili, Rhône na Saône, inakutana, na upande wa magharibi limeinamiwa na kilima kiitwacho Fourvière. Kila mwaka, kwa takriban siku nne zinazoizunguka tarehe 8 Desemba, jiji hili huvaa taa. Kuta za makanisa na majumba ya zamani hugeuka kuwa mithili ya sinema kubwa: picha za mwanga hurushwa juu yake kwa mitambo, zikitembea na kubadilika rangi. Wageni wanaofika katika siku hizo hukadiriwa kufikia milioni mbili. Si wote wanaolala hapo. Wapo wanaotoka Geneva, nchini Uswisi, umbali wa kilomita zipatazo 150 kwa barabara. Hao hupanda basi asubuhi wakiwa na mwongoza watalii, na hurudi usiku uleule.

Ukiwa mmoja wa wasafiri hao, huenda ukashangaa kufika mchana na kukuta taa zote zimezimwa. Mwongoza watalii mwenye uzoefu huzitumia saa hizo kukuandaa. Atakupandisha Fourvière kwa treni ndogo inayovutwa kwa kamba ya chuma, kisha atakuonyesha, juu ya mnara wa kanisa dogo la zamani, sanamu ya Bikira Maria ing'aayo kwa rangi ya dhahabu. Mgeni asiye na wa kumwongoza huipita sanamu hiyo bila kuijali, kwa kuwa macho yake huvutwa na basilika kubwa iliyojengwa kando yake baadaye. Lakini habari yote ya taa za Lyon inaanzia kwenye sanamu hiyo.

Mwaka 1643 tauni ilikuwa ikilitishia jiji. Viongozi wake waliweka nadhiri kwamba, jiji likinusurika, watapanda Fourvière kila mwaka kumshukuru Bikira Maria. Zaidi ya miaka 200 baadaye, mchongaji Joseph-Hugues Fabisch alipewa kazi ya kutengeneza sanamu ya kuwekwa juu ya mnara wa kanisa la kilimani hapo. Uzinduzi ulipangwa kufanyika tarehe 8 Septemba 1852. Haukuwezekana. Mto Saône ulifurika, maji yakaingia katika karakana ya mchongaji, na kazi ikachelewa. Sherehe ikasogezwa hadi tarehe 8 Desemba. Siku hiyo nayo dhoruba ikalipiga jiji, na waandaaji wakawa tayari kuahirisha fataki na shamrashamra za usiku. Ndipo jioni mbingu zikatakata. Wakazi, bila kuamriwa na mtu, wakawasha mishumaa na kuipanga madirishani mwao. Nyumba moja baada ya nyingine, mtaa baada ya mtaa, jiji zima likawaka.

Desturi hiyo imedumu. Hadi leo, usiku wa tarehe 8 Desemba, familia nyingi za Lyon huweka madirishani vikombe vidogo vya kioo vyenye mshumaa ndani. Zile picha kubwa za mwanga ni jambo la juzi: tamasha kwa sura yake ya sasa lilianza mwaka 1999, likiandaliwa na halmashauri ya jiji, ambayo hualika wasanii kuonyesha ubunifu wao. Kwa hiyo katika usiku mmoja kuna sherehe mbili. Moja ni ya mitambo, nayo ndiyo inayowavuta wageni. Nyingine ni ya mishumaa, nayo ni ya wenyeji.

Jua huzama karibu saa 11 jioni, kwa kuwa Desemba ni majira ya baridi huko na mchana huwa mfupi. Giza linapotanda, msafara huenda kwa miguu, maana magari huzuiwa kuingia katikati ya jiji. Utapita mbele ya kanisa kuu la Saint-Jean, utavuka mto Saône, na utafika uwanja wa Terreaux, wenye chemchemi iliyobuniwa na Bartholdi, msanii yuleyule aliyeiunda Sanamu ya Uhuru ya New York. Umati huwa mkubwa kiasi kwamba baadhi ya mitaa huruhusiwa kupitwa upande mmoja tu. Ukirudi nyuma kuokota kofia uliyoiangusha, utapambana na mto wa watu. Ndiyo maana mwongoza watalii hukupa mambo matatu kabla ya giza kuingia: mahali pa kukutana iwapo utapotea, saa ya basi kuondoka, na onyo la kuvaa nguo nzito.

Mwaka 2015, wiki chache baada ya mashambulizi ya Paris ya tarehe 13 Novemba yaliyoua watu 130, tamasha lilifutwa kwa sababu za usalama. Mitambo haikuwashwa. Lakini wakazi waliombwa kuweka mishumaa madirishani kuwakumbuka waliouawa, nao wakaiweka. Mwaka 2020 tamasha lilifutwa tena kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19, na madirisha yakawaka tena. Mwongoza watalii akikusimulia hayo mkiwa njiani kurudi kwenye basi, utainua macho na kuyaangalia madirisha ya ghorofa za juu, ambayo mwanzoni hukuyajali. Huko juu ndiko sherehe ilikozaliwa. Mtu anaweza kulizunguka jiji hili usiku kucha, akatazama kila kitu asione kitu.

MASWALI

1. Andika kichwa cha habari kinachofaa kifungu hiki kwa maneno yasiyozidi matano.

2. Taa za Lyon zinakumbusha tukio gani?

3. Kwa nini uzinduzi wa sanamu haukufanyika tarehe 8 Septemba 1852?

4. Kwa mujibu wa aya ya nne, eleza tofauti mbili kati ya sherehe ya mitambo na sherehe ya mishumaa.

5. Matukio ya mwaka 2015 na 2020 yanathibitisha nini kuhusu desturi ya wakazi wa Lyon?

6. Mwandishi ana maana gani anaposema kuwa mtu anaweza "akatazama kila kitu asione kitu"?

7. Eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika katika kifungu: (a) nadhiri (b) zikatakata (c) jambo la juzi (d) mto wa watu.

8. Fupisha aya ya tatu kwa maneno yasiyozidi 60.

MAJIBU NA MAELEZO

Swali la 1. Jibu linalofaa: Asili ya Taa za Lyon. Unaweza pia kuandika Siri ya Taa za Lyon. Kichwa cha habari kizuri hubeba wazo kuu la kifungu kizima, si la aya moja. "Ziara ya Lyon" ni kichwa chembamba, kwa kuwa ziara ni njia tu ya kuifikia habari yenyewe. "Mafuriko ya Mto Saône" ni kosa, kwa kuwa kinagusa sentensi mbili tatu za aya moja.

Swali la 2. Jibu: Zinakumbusha usiku wa tarehe 8 Desemba 1852, ambapo wakazi wa Lyon waliwasha mishumaa madirishani kusherehekea kuzinduliwa kwa sanamu ya Bikira Maria katika kilima cha Fourvière.

Hapa ndipo mtego ulipo. Je, uliandika kuwa taa hizo ni za Krismasi? Kama ndiyo, rudi kwenye kifungu ulitafute neno Krismasi. Halimo hata mara moja. Uliona "Desemba", ukaona "taa", ukaona "Bikira Maria", na kichwa chako kikamalizia hadithi kabla mwandishi hajaimaliza. Hapa kwetu taa za rangi za mwezi wa Desemba ni za Krismasi, kwa hiyo kosa hili linaeleweka. Lakini halina alama. Msahihishaji hakuulizi unajua nini kuhusu Desemba. Anakuuliza kifungu kinasema nini.

Swali la 3. Jibu: Haukufanyika kwa sababu mto Saône ulifurika, maji yakaingia katika karakana ya mchongaji na kazi ya kutengeneza sanamu ikachelewa.

Angalia kwamba kifungu kina vizuizi viwili: mafuriko na dhoruba. Mafuriko yanahusu mwezi wa Septemba. Dhoruba inahusu Desemba. Aliyejibu "dhoruba" alisoma, lakini hakuzifuata tarehe. Ndiyo maana tulikushauri kuzipigia mstari.

Swali la 4. Jibu: (i) Sherehe ya mitambo, kwa sura yake ya sasa, ilianza mwaka 1999, ilhali ile ya mishumaa ni ya zamani zaidi. (ii) Sherehe ya mitambo huandaliwa na halmashauri ya jiji, ilhali mishumaa huwekwa na familia zenyewe majumbani mwao. Unaweza pia kutaja kuwa ya kwanza huwavuta wageni na ya pili ni ya wenyeji.

Unapoulizwa tofauti, lazima utaje pande zote mbili katika kila hoja. Ukiandika tu "Sherehe ya mitambo ilianza mwaka 1999" umetoa taarifa, hujatoa tofauti. Tumia viunganishi kama ilhali, bali au lakini.

Swali la 5. Jibu: Yanathibitisha kwamba kiini cha desturi hiyo ni mishumaa ya wakazi, si mitambo, kwa kuwa tamasha lilipofutwa wakazi waliendelea kuwasha mishumaa madirishani.

Jibu hili halikuandikwa neno kwa neno katika kifungu. Hili ni swali la kubaini: unachukua mambo mawili yaliyosemwa na kutoa hitimisho. Lakini hitimisho lako lazima lisimame juu ya ushahidi wa kifungu. Ndiyo sababu jibu letu lina sehemu ya "kwa kuwa". Katika maswali ya aina hii usiache sehemu hiyo.

Swali la 6. Jibu: Ana maana kwamba mgeni anaweza kufurahia picha za mwanga bila kuelewa chanzo na maana ya taa hizo, yaani mishumaa ya wakazi iliyoko madirishani.

Kutazama ni kazi ya macho. Kuona, kama mwandishi alivyolitumia neno hapa, ni kuelewa. Mwandishi ameyapambanisha maneno mawili ambayo kwa kawaida tunayachukulia kuwa na maana moja. Ukikuta maneno yanayokaribiana kimaana yamewekwa karibu hivi, jiulize mwandishi anayatenganisha vipi.

Swali la 7. (a) Nadhiri ni ahadi nzito ya kidini ambayo mtu hujifunga kuitimiza akijaliwa jambo analoliomba. (b) Zikatakata maana yake zikawa safi, mawingu na mvua vikaondoka. (c) Jambo la juzi ni jambo lililoanza karibuni likilinganishwa na desturi ya zamani. (d) Mto wa watu ni umati mkubwa unaosonga pamoja upande mmoja.

Maelekezo yalisema "kama yalivyotumika katika kifungu". Aliyeandika kuwa juzi ni "siku iliyotangulia jana" ametoa maana ya kamusi, na maana hiyo haiwezi kuingia katika sentensi inayotaja mwaka 1999. Jaribu kila jibu lako kwa kulirudisha ndani ya sentensi. Likikataa kukaa, si jibu.

Swali la 8. Ufupisho hauanzi kwa kuandika. Unaanza kwa kuchagua. Orodhesha kwanza hoja za aya ya tatu:

(i) Mwaka 1643 viongozi waliweka nadhiri kwa sababu ya tauni.
(ii) Sanamu ilipangwa kuzinduliwa tarehe 8 Septemba 1852.
(iii) Mafuriko yalisababisha sherehe kusogezwa hadi tarehe 8 Desemba.
(iv) Dhoruba ilitishia kuvuruga sherehe.
(v) Hali ya hewa ilipotulia, wakazi waliwasha mishumaa kwa hiari.

Sasa ziunganishe hoja hizo:

Mwaka 1643, kwa kuhofia tauni, viongozi wa Lyon waliahidi, jiji likinusurika, kumshukuru Bikira Maria kila mwaka huko Fourvière. Mwaka 1852 sanamu yake ilitarajiwa kuzinduliwa tarehe 8 Septemba, lakini mafuriko ya mto Saône yaliisogeza sherehe hadi tarehe 8 Desemba. Siku hiyo dhoruba ilitishia kuivuruga. Jioni hali ilipotulia, wakazi waliwasha mishumaa madirishani kwa hiari yao, jiji lote likang'aa.

(Maneno 56)

Tumeacha nini? Jina la mchongaji, karakana yake, fataki, na maelezo ya nyumba moja baada ya nyingine. Mambo hayo yanaipamba habari, lakini ukiyaondoa habari haianguki. Jambo moja lilikuwa na hatari ya kuachwa: "jiji likinusurika". Ni maneno mawili tu, lakini bila ya hayo nadhiri inageuka kuwa ahadi ya kawaida. Ufupisho mzuri hupunguza maneno, haupunguzi maana.

MAKOSA YA KUEPUKA

Usinakili sentensi nzima za mwandishi katika ufupisho. Usiongeze maoni yako, hata yawe mazuri kiasi gani. Usizidishe idadi ya maneno uliyopewa. Hesabu, kisha andika idadi hiyo mwishoni. Usiogope majina ya kigeni. Huhitaji kujua Saint-Jean hutamkwaje ili kujua kwamba ni kanisa. Kifungu chenyewe kimekuambia. Yanakili majina hayo herufi kwa herufi na uendelee na kazi.

ZOEZI LA KUJIPIMA

1. Fupisha aya ya tano kwa maneno yasiyozidi 40.

2. Kwa nini magari kuzuiwa na umati kuwa mkubwa kunamfanya mwongoza watalii kuwa muhimu? Toa ushahidi kutoka katika kifungu.

3. Je, ni kweli kwamba mwandishi analidharau tamasha la mitambo? Thibitisha jibu lako kwa kutumia aya ya kwanza, ya nne na ya sita.

Swali la tatu ni gumu kuliko mengine, na huenda darasa zima lisikubaliane. Jadilianeni. Atakayeshinda si mwenye sauti kubwa, bali yule atakayeweza kuweka kidole juu ya mstari na kusema, "Imeandikwa hapa."

Siku ya mtihani utapewa kifungu usichowahi kukiona, labda kuhusu nchi usiyowahi kufika. Usibabaike. Wewe ni mgeni katika jiji hilo, na mwandishi ndiye mwongoza watalii wako. Mfuate hatua kwa hatua, sikiliza anachokisema, na usimtangulie njiani. Tunakutakia maandalizi mema.